Wasifu wa Pili wa Elisante

Crescent Town, Jumamosi jioni

Nakunda mwanangu,

Mambo ya koti zito, dawa za kikohozi na namba za simu za watu wa kanisa, mama yako ameshakuandikia kwa herufi kubwa na kubandika karatasi ndani ya kifuniko cha sanduku. Sitayarudia. Saa hizi ninyi wawili mko Pickering mnaaga, mnalishwa pilau na kuombewa, na mimi nimebaki nyumbani kwa kisingizio kwamba bomba linavuja ghorofa ya kumi na mbili. Hakuna bomba linalovuja. Nimebaki kwa sababu kesho asubuhi unakwenda kuishi Columbus, Marekani, na kuna neno nililopaswa kukuambia miaka kumi na moja iliyopita. Nimejaribu kulisema kwa mdomo wiki nzima. Mdomo umegoma, basi mkono na ufanye kazi.

Umeona pia kwamba tangu Jumapili mama yako hasemi nami ila mambo ya chakula. Umedhani ni uchungu wa safari yako. Sivyo. Nitafika huko, lakini niache nifike kwa hatua zangu, maana nikianza na mwisho nitaichana karatasi.

Uliniomba kitu kimoja mara tatu, na mara tatu nilikunyima.

Mara ya kwanza ulikuwa umetoka hukohuko Columbus, ulikokwenda na wenzako wa kile kikundi kinachogawa makasha ya chuma ya kufungia bunduki, ambacho sasa unakwenda kukifanyia kazi. Mlipewa dakika tatu tatu mbele ya kamati ya bunge la jimbo, mseme kwa nini mnataka sheria ya kumlazimisha mwenye bunduki aifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Wewe ukaeleza habari za familia moja unayoijua, mtoto alivyokufa. Mzee mmoja wa kamati akakuuliza kama hiyo familia ina jina. Hukulitaja. Akakushukuru kwa kuja, akamwita mwingine.

"Baba, nilikuwa nasema kweli, and I looked like a liar," uliniambia jikoni, bado umevaa viatu. "Niruhusu nimtaje kaka Eli. Basi. Sitaki kingine."

Nikakujibu kwamba mambo ya ukoo hayapelekwi barazani. Mara ya pili ulinipigia simu kazini, nikiwa nimepiga magoti mbele ya mlango wa mpangaji nabadilisha kitasa, nikasema nitafikiri. Sikufikiri. Mara ya tatu ulilia, na mimi nikatoa silaha yangu ya mwisho, nikasema: "Unataka kumwua ndugu yako Kelvin?" Uliliacha ombi papo hapo, kwa sababu una huruma, na mimi niliijua huruma yako nikaitumia. Naomba radhi kwa hilo kabla sijaomba kwa mengine. Sikuwa namlinda Kelvin.

Nusu ya mambo ya siku ile unayajua kuliko mimi. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, kaka yako Elisante kumi na minne. Tulikwenda Columbus kula Krismasi kwa ndugu yangu Wilfredi, baba yako mdogo, na mkewe na mtoto wao mmoja, Kelvin, aliyekuwa na miaka tisa na meno mawili ya mbele makubwa kuliko uso wake. Wilfredi alikuwa dereva wa teksi. Alikuwa ameporwa mwaka ule, akawekewa kisu shingoni, na wiki iliyofuata akaingia dukani mchana mmoja akatoka na bastola, kama mtu anunuavyo jiko. Hilo mimi nililijua tangu wakati ule. Aliniambia kwa simu nami nikamwambia pole kwa kuporwa.

Siku ya tatu baada ya sikukuu wewe ulikuwa jikoni na mama yako mdogo mnasukuma chapati. Kelvin na Eli walikuwa wanajenga hema sebuleni kwa mablanketi ya wageni, yale yanayokaa ndani ya kabati chumbani kwa Kelvin. Eli alikuwa chini ya meza anafunga ncha ya blanketi kwenye mguu wa meza. Kelvin akalikunjua blanketi la pili, bastola ikadondoka. Akaiokota. Alisema "mikono juu," kwa sauti ya mchezo. Wewe ulisikia maneno hayo kutoka jikoni, na najua bado unayasikia, kwa sababu mpaka leo mtoto akiyasema kwenye lifti ya jengo letu unashuka ghorofa isiyo yako.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Sisi tulikwenda, na katika nyumba ile hakuna aliyepona.

Polisi waliandika walichoandika, wakaichukua bastola, na hakuna aliyeshtakiwa. Jioni ile tukakaa kikao. Wilfredi alikuwa sakafuni, hataki kiti. Simu ilikuwa mezani imefunguliwa sauti, na wazee wetu wa Same walikuwa upande wa pili. Mjomba wetu mkubwa ndiye aliyetoa neno. Alisema: "Mtoto mmoja amekwenda. Msimwue wa pili kwa maneno." Kwa hesabu ya kwetu Kelvin ni mwanangu sawasawa na Eli, mtoto wa mdogo wangu hana jina lingine, kwa hiyo nilikuwa baba wa maiti na baba wa aliyeshika bastola kwa wakati mmoja. Kikao kikaamua kwamba tutasema ni ajali ya gari. Uamuzi ule ulionekana wa upendo. Wote walilia walipoukubali. Mimi niliukubali haraka kuliko wote, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Halafu nikakuweka kwenye gari, na njia nzima kurudi Toronto nikakufundisha. Ilikuwa mvua. Ilikuwa lori. Wewe hukuwemo ndani ya gari, ulikuwa umebaki nyumbani na mama mdogo. Nilikurudisha mwanzo kila ulipokosea, kama unakariri masomo ya kipaimara, na mama yako alikuwa ameegemea dirisha hasikii kitu. Karibu na Buffalo ulisema, "Baba, naweza kusema sijui?" Nikasema hapana, ukisema hujui watauliza zaidi. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyemsikia kaka yake akifa, na kazi niliyokupa ilikuwa hiyo.

Unajua kwamba hapa Toronto mtu wa kwetu akifa mimi ndiye huitwa kuandika wasifu wa marehemu. Wanasema Kiswahili changu hakijachacha. Nimeandika mwingi, nimeusoma kanisani na kumbini: marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, alianza kuugua lini, umauti ulimkuta vipi, ameacha nani. Ukiukusanya wote ukausoma kwa mfululizo utadhani Watanzania wa mji huu hawafi ila kwa shinikizo la damu. Aliyejinyonga nilimwandika aliugua kwa muda mfupi. Kijana wa Scarborough aliyepigwa risasi kwenye maegesho ya magari nilimwandika alifariki ghafla. Mama yake alinifuata baada ya mazishi, sahani ya chakula mkononi, akaniuliza kwa upole, "Baba Eli, mbona mwanangu umemwandika kama aliyeanguka bafuni?" Nikamwambia ndivyo inavyoandikwa. Alinitazama kidogo, akaenda kukaa.

Wa Eli niliuandika mwenyewe pia. Watu walinisihi nimpe mwingine, nikakataa, wakasema nina moyo wa chuma. Cheti cha kifo kilisema kweli kwa Kiingereza, nami nikasema uongo kwa Kiswahili fasaha, nimesimama wima, na wanawake wakalia kwa namna maneno yalivyopangika. Wachache wa Columbus waliojua walituheshimu kwa kunyamaza. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini sisi hata kilio tulikificha, tukalia kilio cha kitu kingine.

Uongo nao unataka matunzo. Watu waliniuliza lori lilikuwa la rangi gani. Nikawaambia jeupe. Kuna mzee wa kanisa mpaka leo akiona lori jeupe barabarani anamkumbuka mwanangu, na ameniambia hivyo kwa machozi. Mwaka ule walianza maombi ya usalama wa barabarani kila Desemba kabla watu hawajasafiri kwenda kwa ndugu zao Marekani. Familia nzima nzima zilijifunza kufunga mikanda ya viti vya nyuma kwa ajili ya Eli. Hakuna hata moja iliyojifunza kuuliza, ikifika kule, "Ndugu yetu, bunduki yako iko wapi?" Wangejuaje? Mtu pekee aliyekuwa na somo hilo alikuwa amesimama mbele yao anasoma habari za lori jeupe.

Nakuandikia haya kwa hasira, utanisamehe. Sehemu ya hasira naielekeza kwa wale waheshimiwa unaokwenda kukaa mbele yao. Umenieleza wanavyosema: sheria haiingii chumbani kwa mtu, mhalifu hasikii sheria, ajali ni ajali. Umenieleza pia kwamba mji ukijaribu kujiwekea sheria yake, jimbo linaupeleka mahakamani. Sawa. Mimi sijui sheria, mimi ni fundi wa majengo. Lakini namjua Wilfredi. Huyo ni mtu anayeogopa karatasi ya serikali kuliko ugonjwa. Kelvin alikaa kwenye kile kiti cha watoto cha gari mpaka alipotimiza miaka minane, magoti yamemfika kidevuni, kwa sababu sheria ilisema minane. King'ora cha moshi alikijaribu kila mwezi kwa mpini wa ufagio. Theluji ya mbele ya nyumba aliisafisha kabla hajanywa chai, asije akaandikiwa faini. Kama jimbo lile lingemwambia neno moja tu, fungia, angefungia, na ufunguo angeuvaa shingoni. Halikumwambia. Mtu mtiifu hawezi kutii kitu ambacho hakikusemwa. Waambie hivyo, kama utapata nafasi. Sisemi kwamba sheria ingewazuia wabaya wote. Wilfredi hakuwa mbaya.

Wala tusijigambe sisi wa upande huu. Hapa Kanada sheria inataka bunduki ifungiwe, na isiwe na risasi ndani, na ni sheria nzuri. Haikuvuka mpaka pamoja nami. Bastola ndizo huvuka kuja huku, na mojawapo huenda ndiyo iliyompata yule kijana wa Scarborough niliyemwandika alifariki ghafla.

Baada ya miaka mitatu Wilfredi alinunua nyingine. Aliniambia mwenyewe kwa simu, kwa sauti ya mtu anayekiri ulevi. Ulimi wangu ulikuwa umeshafika kwenye swali, iko wapi, umeifungia? Nikamwuliza habari za kazi. Nikatandika kitanda, nikalala. Kumbuka mimi ni mtu ambaye kwa miaka kumi na saba nimelipwa kutia vitasa kwenye milango ya watu.

Sasa nafika.

Wiki mbili zilizopita, baada ya wewe kulia, nilimpigia Kelvin. Ana miaka ishirini sasa, anafanya kazi ya ghala, anaishi peke yake. Hajakanyaga nyumbani kwetu tangu siku ile, na sisi tumekuwa tukisema ni masomo, ni kazi, ni umbali. Nilimpigia ili nipate mtu wa kunisaidia kukukatalia. Nilitaka aseme, Baba Mkubwa, tafadhali msinitaje, nije nikuletee maneno hayo kama kibali.

Aliitika kwa Kiingereza, halafu akajitahidi kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza.

"Baba Mkubwa, Nakunda aseme. I want her to say it. Mimi ninaambia watu cousin wangu alikufa na gari. Hata therapist nilimwambia gari."

Nikamwambia tulifanya vile kwa ajili yake.

"Hamkuniuliza," akasema. Hakupaza sauti. "Nilikuwa nataka kusema sorry kwa Mama Mkubwa. Daddy akasema hakuna kusema sorry, ilikuwa gari. Nilimwomba anisomee ile karatasi yako ya funeral. My name wasn't there. Kila mtu yuko, mimi siko."

Ni kweli, Nakunda. Niliandika kwamba marehemu ameacha baba, mama na dada. Katika hesabu ya kwetu Kelvin ni ndugu yake wa damu, na mjomba kule Same alisema tusimwue mtoto wa pili. Mimi nilimfuta kwa kalamu, na sikugundua mpaka aliponiambia mwenyewe.

Kisha akasema jambo lingine, na alilisema kama mtu anayefikiri kwa sauti. "Kitu kimoja sijawahi kuelewa. Ile gun ilikuwa inakaa chumba cha Daddy, kwenye droo. Nilijua, nilikuwa sigusi. Kwa nini ilikuwa kwenye mablanketi? I never knew why."

Watu wawili duniani walijua kwa nini. Mmoja ni Wilfredi. Wa pili ni mimi.

Tulipofika Columbus, Wilfredi alituachia chumba chake, yeye na mkewe wakalala sebuleni. Unakumbuka tulivyobishana mlangoni. Alisema kaka yake mkubwa hawezi kulala kwenye kochi akiwa chini ya paa lake, na mimi nikakubali, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, mkubwa hupewa kitanda. Usiku wa kwanza, mama yako akiwa bado jikoni na mwenzake, nilifungua droo ya kando ya kitanda niweke miwani, nikaiona. Nilishtuka, kisha nikakasirika. Nilimwita, nikamwambia, kwa ile sauti ya kaka mkubwa, "Wilfredi, siwezi kulala na kitu hiki karibu na kichwa changu. Kiondoe." Akaona haya. Akasema, "Samahani Kaka," akaifunga kwa taulo, akatoka nayo. Nikasikia hatua zake ukumbini, nikasikia kabati la chumbani kwa Kelvin linafunguliwa na kufungwa. Chumba kile walikuwa wamelala Kelvin na Eli. Nilisikia, nikazima taa.

Nilitaka tu isiwe karibu na kichwa changu. Sikuuliza imekwenda karibu na kichwa cha nani. Ningesema maneno mawili, umeiweka wapi, Eli angekuwa na miaka ishirini na mitano. Sikusema kwa sababu nilishaheshimiwa vya kutosha, na mgeni mwenye adabu hapekui nyumba ya mwenyeji wake.

Ndiyo maana niliukubali uongo haraka. Wazee walidhani namsitiri Kelvin. Ukweli ukitoka, mtu wa kwanza angeuliza swali la Kelvin, ilikuwaje ikawa kwenye mablanketi, na Wilfredi angelazimika kujibu. Miaka kumi na moja nimewaacha watu wa ukoo wamwangalie mdogo wangu kama mtu mzembe aliyeficha bastola kwenye matandiko ya watoto. Mama yako hajawahi kumsamehe. Anamtumia salamu za Pasaka kwa midomo tu. Na Wilfredi hajawahi hata siku moja kusema, Kaka ndiye aliyenituma niihamishe. Amebeba.

Nilimpigia baada ya Kelvin. Nikamwambia kwamba Nakunda anataka kusema kweli mbele ya bunge, na kwamba mimi nataka kusema yote, pamoja na ile ya droo. Nilitegemea abishe. Nikawa nasikia redio ya teksi yake.

"Kaka," akasema, "mimi nilikuwa nakusubiri wewe."

Nikamwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesemaje, na wewe ndiye mkubwa? Na wewe ndiye uliyefiwa."

Nikamwuliza ile nyingine iko wapi. Lilikuwa swali jepesi kabisa, Nakunda, ulimi haukukatika. Akasema aliiuza zamani. Mkewe alikuwa hali wala halali.

Jumapili baada ya ibada nikamwambia mama yako. Alikuwa anachambua mchicha. Nilimweleza kama nilivyokueleza, droo, taulo, kabati. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kuchambua mpaka mchicha ukaisha, akaosha mikono. Aliuliza kitu kimoja tu: "Ulilisikia lile kabati likifunguka?" Nikasema ndiyo. Tangu hapo analala chumbani kwa Eli, na mimi sijamwomba arudi. Huo ndio uchungu uliouona. Usijaribu kutupatanisha kwa simu kutoka Columbus, nakufahamu. Huu ni wetu na tutaukalia.

Ungetarajia nimalizie kwa nasaha. Sina nyingi, na nilizokuwa nazo nimeziona zilivyo. Nilikufundisha kutowauliza wakubwa maswali. Nilikufundisha kwamba mgeni hutazama mahali alipoonyeshwa. Nilikufundisha kwamba heshima ni kumfichia mtu aibu yake, na wewe ulikuwa mwanafunzi mzuri mno, ukamfichia baba yako miaka kumi na moja bila kujua unaficha nini. Huko uendako waulize watu. Ukikaribishwa nyumba ya mtu, hata iwe ya mchungaji, hata iwe ya Wilfredi, uliza bunduki iko wapi kabla hujavua koti. Watasema umelelewa vibaya. Kubali, waambie ndivyo.

Mwende kumwona Kelvin, wewe na mama mdogo. Usimpelekee maneno yangu, nitayapeleka mwenyewe mwezi ujao, na nitalala kwenye kochi.

Ulichoniomba mara tatu hiki hapa. Nimeuandika leo, kwa ule mpangilio wetu wa siku zote, maana mwingine siujui. Utautafsiri wewe mwenyewe. Kiingereza changu ningekiachia, kingetafuta mahali pa kujificha.

Wasifu wa marehemu Elisante. Alizaliwa Same, akiwa mtoto wa kwanza. Aliletwa Toronto akiwa na miaka mitatu na kusoma Crescent Town. Alipenda kujenga vitu kwa maboksi, viti na mablanketi, na hakupenda kuvibomoa. Hakuugua. Hakupata ajali ya gari. Alikufa kwa risasi siku ya tatu baada ya Krismasi, katika nyumba ya baba yake mdogo huko Columbus, akiwa na miaka kumi na minne, anafunga ncha ya blanketi kwenye mguu wa meza. Bastola ilikuwa na risasi na haikufungiwa, na hakuna sheria iliyotaka ifungiwe. Ilishikwa na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa anacheza, naye hana kosa. Ilikuwa kwenye mablanketi kwa sababu baba wa marehemu aliomba iondolewe chumbani alimolala. Alisikia ilikopelekwa, akazima taa. Marehemu ameacha baba, mama, dada yake Nakunda, na ndugu yake Kelvin.

Usome taratibu, mwanangu. Wasifu husomwa taratibu, na waliokaa nyuma nao wasikie. Ukifika kwenye sentensi inayonihusu usiiruke kwa kunihurumia. Na yule mzee akikuuliza tena kama hiyo familia ina jina, mpe la kwangu kwanza, limeandikwa hapa chini.

Eliamini Mshana,
baba yao Elisante, Kelvin na Nakunda